Mwenye Akili na Tusi la Nguoni

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa jumuiya na wageni wao)

  

Jambo litakalozungumzwa hapa ni dogo kwa jina lake, lakini limo katika kila nyumba. Tangu zamani watoto huambiwa kwamba mtukanaji ni mjinga. Kwamba mtu hutukana kwa kuwa ameishiwa na maneno mema, kama vile mtu anayetupa mawe kwa kukosa hoja. Maneno hayo yafaa sana kumwaibisha mtoto, lakini yana kasoro moja, nayo ni kwamba si ya kweli. Mtoto mwenyewe huigundua kasoro hiyo mapema. Humsikia baba yake aliyesoma hata akamaliza vyuo akitukana njiani anapozuiliwa na gari la mbele. Humsikia mwalimu, na karani mkuu, na daktari, na mtu anayesifiwa mji mzima kwa busara zake. Basi mtoto akishajua kuwa aliambiwa uongo juu ya sababu ya tusi, hudhani kwamba na katazo la tusi ni uongo vile vile. Kwa hiyo swali hili lahitaji jawabu la kweli: kwa nini mwenye akili hutukana?

Kwanza yafaa ijulikane nini kinachokusudiwa, kwani watu huchanganya vitu vingi katika kapu moja. Kuna kumtukana mtu, yaani kumkusudia fulani kwa neno la kumvunjia heshima yake. Kuna maneno machafu yasiyomkusudia mtu yeyote, kama anayoyatamka fundi aliyejigonga kidole kwa nyundo. Kuna laana na maapizo. Na kuna kile Waswahili wanachokiita kijembe, ambacho hakina neno chafu hata moja, na huenda kikauma kuliko hayo yote. Tena Waswahili wametenga fungu maalumu kwa lile tusi zito la kutaja tupu ya mtu au ya mama yake, wakaliita tusi la nguoni. Jina hilo linajieleza lenyewe: kilichositiriwa na nguo, ulimi umekifunua.

Kila umma hulitengeneza tusi lake kwa kile unachokiogopa au kukiheshimu. Waingereza mpaka leo hutumia neno moja kwa maana ya kula kiapo na kwa maana ya kutamka maneno machafu, kwa sababu zamani kosa kubwa la ulimi kwao lilikuwa kuapa ovyo kwa jina la Mungu. Na katika mwaka 1606 Bunge lao lilitunga sheria ya kuwatoza waigizaji wa michezo faini ya pauni 10 kwa kila mara watakapolitaja jina hilo kwa mzaha jukwaani. Wafaransa wa Quebec, katika nchi ya Canada, matusi yao mazito hasa ni majina ya vyombo vya kanisani. Msikilizaji wa Kampala au Mombasa akitafsiriwa matusi hayo atashangaa tu, kwani hataona tusi lilipo. Waswahili wao husitiri mwili na humtukuza mama, na kwa hiyo huko ndiko mtukanaji anakokwenda kuchimba. Lugha hii hii yenye ustaarabu wa kusema haja kubwa na haja ndogo, kwenda msalani, mjamzito kwa maana ya mwenye mimba, kuwa katika siku zake kwa maana ya hedhi, na maneno mengi mengine ambayo wanafunzi wa fasihi huyaita tafsida, ndiyo yenye tusi la nguoni lililo kali sana. Wala si ajabu. Mlango ukifungwa kwa kufuli kubwa, mwizi naye huja na mtaimbo mkubwa.

Sasa turudi kwa mwenye akili. Wataalamu wawili wa elimu ya nafsi wa Marekani, Timothy Jay na Kristin Jay, walichapisha mwaka 2015 uchunguzi walioufanya ili kuipima ile kauli ya kwamba mtukanaji ni maskini wa maneno. Waliwapa watu muda mfupi waseme maneno mengi wawezavyo yanayoanza kwa herufi fulani, na majina ya wanyama, kisha wakawapa muda kama huo waseme matusi mengi wanayoyajua. Ikaonekana kwamba waliokuwa wepesi wa maneno ya kawaida ndio waliokuwa wepesi wa matusi pia. Aliyekuwa na ghala kubwa la maneno, matusi nayo yalikuwamo ghalani kwa wingi. Khabari hii isimfurahishe sana mtukanaji, kwani kilichopimwa ni kujua, wala si kutumia. Mwenye duka la dawa anajua sumu nyingi kuliko jirani zake wote, lakini hazinywi. Hata hivyo uchunguzi huo watosha kuizika ile kauli ya zamani. Umaskini wa maneno haukuwa sababu.

Waarabu wa kale wasingehitaji uchunguzi huo. Katika soko la Mirbad, huko Basra, zama za Bani Umayya, walishindana washairi wawili ambao hata leo hutajwa katika mstari wa mbele wa washairi wa Kiarabu: Jarir na al-Farazdaq. Wote wawili walikuwa wa kabila la Tamim, na wote walifariki karibu na mwaka 730. Kwa muda wa miaka kama arobaini walitukanana kwa mashairi. Mmoja alitunga, na mwingine akamjibu kwa mizani ile ile na kina kile kile, na mashairi hayo ya majibizano, yaitwayo naqa'idh, yalikusanywa na kufasiriwa baadaye na mwanachuoni Abu Ubayda. Ndani yake mna nasaba, na vita vya kale, na fasaha isiyo na mfano. Na pamoja na hayo mna matusi ambayo mwalimu wa leo akiyasomesha hulazimika kuyaruka. Jarir alimsingizia uchafu dada yake al-Farazdaq, mwanamke ambaye hakumkosea lolote. Watu hawa hawakukosa maneno! Lugha ya Kiarabu yote ilikuwa mikononi mwao. Walitukana kwa sababu tusi lilikuwa uwanja wa kuonyesha ustadi, na umati wa soko uliwashangilia, na wakubwa waliwatunza. Basi hii ni sababu ya kwanza: mwenye akili hutukana kwa kuwa ana hadhira, na hadhira hucheka.

Wasimulizi wanaeleza kwamba al-Farazdaq alipokufa, Jarir alimtungia shairi la maombolezo, naye mwenyewe akafa si muda mrefu baada yake. Yaonekana baina ya wale wawili ule ulikuwa mchezo, hata ulifanana na urafiki. Lakini yule dada hakuwa katika mchezo. Wala hawakuwamo watu wa Bani Numayr, kabila ambalo mshairi wao mmoja alijitia upande wa al-Farazdaq, na Jarir akawapiga wote kwa shairi moja. Wasimulizi wasema kwamba baada ya hapo mtu wa kabila hilo akiulizwa nasaba yake alijitaja kwa babu mwingine wa mbali ili asilitamke jina la Numayr. Kabila zima lililokuwa likijivunia jina lake lilijificha kwa ajili ya ulimi wa mtu mmoja mwenye kipaji. Mpumbavu angalitukana mchana kutwa asiweze kufanya hivyo. Tusi la mjinga husahauliwa kabla jua halijatua. La mwenye akili hurithiwa.

Na kisa cha al-Hutay'a kinaonyesha jambo hili kwa namna nyingine. Huyu alikuwa mshairi hodari wa zama za mwanzo za Uislamu, mwenye ulimi mrefu usiomwacha mtu. Yasemekana aliwakashifu hata mama yake mzazi na nafsi yake mwenyewe. Alimtungia shairi bwana mmoja mtukufu aitwaye al-Zibriqan bin Badr, na al-Zibriqan akaenda kumshitaki kwa Khalifa Umar bin al-Khattab, Mwenyezi Mungu amwie radhi. Umar alipousikia ule ubeti ulioshitakiwa alisema kuwa haoni tusi ndani yake, ni lawama tu. Na kweli hamkuwa na neno chafu: maana yake ilikuwa kwamba al-Zibriqan asijisumbue kutafuta mambo matukufu, akae tu, kwani yeye ni mtu wa kulishwa na kuvishwa. Umar akamwita Hassan bin Thabit, mshairi wa Mtume, aliyejua mizani ya maneno, na Hassan akasema kuwa hilo si tusi tu, ni zaidi ya tusi. Al-Hutay'a akatiwa kifungoni. Alipotunga shairi la kuwataja watoto wake wadogo waliobaki bila mtu wa kuwalisha, Umar alilia akamfungua. Na imesimuliwa kwamba alimpa dirham 3,000 ili azinunue kwake heshima za Waislamu, asizichezee tena.

Kisa hiki wakisikie vizuri wale wanaosema kuwa hawatukani kwa kuwa hawatamki maneno ya nguoni. Pwani nzima ya Afrika Mashariki inajua kijembe ni nini. Jina la kanga iliyovaliwa siku fulani na kupitishwa mbele ya mlango fulani, ubeti wa taarabu ulioombwa na bibi mmoja huku akimtazama mwingine, salamu iliyorefushwa kidogo kuliko desturi: hayo yote ni safi kabisa ukiyaweka katika mizani ya maneno machafu, na mwenye kulengwa anaweza asilale usiku kucha. Mwenye akili aliyelelewa vyema mara nyingi hufanya hivyo. Anao ulimi wa kutosha hata asihitaji uchafu, na kwa hiyo hujiona kuwa hana kosa.

Kwa upande wa pili walikuwako wanachuoni waliotetea neno la wazi. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki karibu na mwaka 868, aliwacheka watu wanaokunja uso wanaposikia kiungo cha mwili kikitajwa kwa jina lake, akasema kuwa wengi wao hawana katika uchaji wa kweli ila kule kukunja uso. Ibn Qutayba, aliyefariki mwaka 889, ambaye alikuwa mtu wa dini na kadhi, aliandika katika utangulizi wa kitabu chake Uyun al-Akhbar maana kama hiyo: kutaja viungo kwa majina yao si dhambi, dhambi ni kuvunja heshima za watu, na uongo, na ushahidi wa uongo, na kula nyama za watu kwa kuwasengenya. Hoja yao ina nguvu, na kila mwalimu wa fiqhi anaijua, kwani hawezi kusomesha tohara, wala janaba, wala hedhi, wala mambo ya ndoa, bila ya kutamka yanayotamkwa. Mwanafunzi akicheka, kosa ni la mwanafunzi. Daktari naye hali yake ni hiyo hiyo, na hakimu anayesikiliza kesi. Lakini wenye akili wa leo huichukua hoja hii mahali isipofika: wanasema neno ni sauti tu, basi litamkwe popote. Ibn Qutayba hakusema hivyo, alipima dhara. Neno hilo hilo lililo elimu darasani huwa silaha linapoelekezwa kwa mama wa mtu.

Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu chake Ihya Ulum al-Din alihesabu maafa ishirini ya ulimi, na maneno machafu pamoja na matusi akayaweka katika afa ya saba. Alipotafuta chanzo chake hakutaja ujinga hata kidogo. Alitaja mambo mawili: ama mtu anakusudia kumuudhi mwenzake, ama ni mazoea aliyoyapata kwa kuchanganyika na watu ambao tusi ndiyo desturi yao. Ni jambo la kustaajabisha kwamba mtu wa zaidi ya miaka mia tisa iliyopita, bila ya maabara wala majaribio, aliyaweka mazoea pahala pake, na walimu wengi waliokuja baadaye wakarudi kwenye hadithi ya umaskini wa maneno.

Utafiti wa siku hizi umeongeza sababu ya tatu, nayo ni maumivu. Mwaka 2009 Richard Stephens na wenzake wa Chuo Kikuu cha Keele, Uingereza, waliwataka wanafunzi watie mikono yao katika maji ya baridi ya barafu na kustahimili wawezavyo: mara moja huku wakikariri tusi, na mara nyingine huku wakikariri neno la kawaida. Waliotukana walistahimili kwa wastani sekunde 40 hivi zaidi. Basi yule fundi aliyejigonga nyundo hakukosa kabisa. Mwili ulimpa njia, naye akaifuata. Lakini sikilizeni yaliyofuata. Mwaka 2011 ilionekana kwamba wale wenye mazoea ya kutukana kila siku hawakupata faida kubwa kama wenzao wanaotukana kwa nadra. Na mwaka 2020 walijaribiwa watu kwa maneno mapya yaliyobuniwa tu yafanane na matusi kwa sauti, na maneno hayo hayakuwasaidia kustahimili. Maana yake ni nini? Nguvu haimo katika sauti. Yaelekea nguvu imo katika kule kukatazwa: neno ambalo mtu aliadhibiwa kwalo utotoni hubaki na moto ndani yake. Mwenye kulitamka asubuhi na jioni, akimwita nalo rafiki yake na akilielezea chakula na hali ya hewa, anauzima moto huo kwa mkono wake mwenyewe, na siku ya msiba mkubwa atalitafuta asione kitu.

Madaktari wa ubongo nao wanajua jambo la ajabu zaidi. Mtu akipatwa na kiharusi kikaharibu sehemu ya kushoto ya ubongo inayotunga maneno, huenda akashindwa kuomba maji ya kunywa, na hali tusi linamtoka sawasawa. Mshairi Mfaransa Charles Baudelaire, mmoja wa watu wenye lugha bora kabisa katika karne yake, alipatwa na maradhi hayo mwaka 1866. Akapoteza usemi wote isipokuwa apizo moja fupi la Kifaransa, na watawa wa kike waliokuwa wakimuuguza huko Brussels walifadhaika sana kulisikia kila mara. Lakini si matusi peke yake yanayosalia. Madaktari wameona kwamba mgonjwa wa namna hii huweza pia kuhesabu moja mpaka kumi, na kutoa salamu, na kusoma sala aliyoihifadhi tangu utotoni. Vyote hivi huhifadhiwa pamoja, mahali ambapo ulimi huvichukua bila ya kuiuliza akili. Kwa hiyo swali la nini kitamtoka mtu anapojikwaa gizani, kama ni Astaghfirullah, au Mama yangu wee, au tusi la nguoni, halihusu akili yake hata kidogo. Linahusu alichokariri mara nyingi. Profesa na mchukuzi wa mizigo wako sawa katika jambo hili.

Sababu ya nne ni wenzi. Mtu mwenye cheo akiwa na watu wa chini yake huona ukuta baina yao, na tusi la mzaha huuvunja ukuta huo upesi kuliko hotuba. Ndiyo maana wenye elimu hutukana zaidi wanapokuwa na marafiki wa karibu, kana kwamba wanaambiana: hapa hapana cheo. Makabila mengi ya Afrika Mashariki yanaujua mlango huu, nayo yaliuwekea utaratibu wake, ambao ni utani. Mjukuu humtania babu, shemeji humtania shemeji, na makabila mawili yenye utani huambiana hata msibani maneno ambayo yakitoka kwa mtu mwingine yangeleta damu. Lakini utani una mipaka yake: anajulikana mtani ni nani, na asiye mtani hanyamaziwi. Vijana wa mjini wameuchukua uhuru wa utani wakauacha utaratibu wake. Humtania kila mtu.

Hapa ndipo jambo hili linapowagusa Waislamu wa Uganda kuliko wengine. Kiswahili kilifika katika nchi hii pamoja na dini, kwa midomo ya wafanyabiashara wa pwani waliofika katika ikulu ya Kabaka Suna, na kwa kawaida hutajwa mwaka 1844 kuwa ndio mwanzo. Kilikuwa lugha ya watu walioosha miguu na kusimama safu. Baadaye, baada ya kuundwa jeshi la King's African Rifles mwaka 1902, Kiswahili kikawa lugha ya amri. Na baada ya uhuru wa mwaka 1962 kiliendelea kuwa lugha ya askari wa jeshi na wa polisi. Kuruti hufundishwa kwa kelele, na kelele za kambini hazina tafsida. Katika miaka ya serikali ya kijeshi, tangu 1971 mpaka 1979, raia wengi wa Uganda walikisikia Kiswahili kizuizini barabarani, usiku, kutoka kwa mtu mwenye bunduki. Mwaka 1973 serikali hiyo ilitangaza kuwa Kiswahili ni lugha ya taifa, na tangazo hilo halikukifanya kipendwe. Mzee aliyetukanwa mbele ya wanawe kwa lugha fulani hawezi kuambiwa baadaye kwamba lugha hiyo ni tamu.

Kwa hiyo limetokea jambo ambalo mtu wa Lamu au wa Unguja hawezi kulielewa kwa urahisi. Kijana aliyesoma, mpole, ambaye kwa Kiganda husema ssebo na nnyabo na humheshimu kila mkubwa, akikasirika hukimbilia Kiswahili au Kiingereza, na humo hutamka maneno ambayo kwa lugha ya mama yake asingeyatamka hata kwa kulipwa. Ukimuuliza, atajibu kwa kweli kabisa kwamba hakuona uzito wake. Na hasemi uongo. Mtaalamu Jean-Marc Dewaele aliwauliza watu zaidi ya 1,000 wenye lugha nyingi, akaandika mwaka 2004 kwamba matusi huwa mazito zaidi katika lugha ya kwanza ya mtu, na katika lugha zilizojifunzwa baadaye uzito hupungua. Neno ambalo kwa mama wa Kiswahili ni kaa la moto, kwa kijana huyu ni kaa lililochorwa karatasini. Hulishika bila ya kuungua, akamrushia mwenye kuungua.

Hili si jambo dogo, kwa kuwa katiba ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2005 na Kiswahili kikafanywa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe shuleni. Watoto wataletewa vitabu, na walimu watawafundisha ngeli za majina. Lakini mtoto aliyekwisha kuyapata matusi ya kituo cha mabasi kabla ya kuujua mwanzo wa salamu atakijua Kiswahili kwa namna ya askari wa kizuizini. Wazee wa Kiislamu ndio waliokihifadhi kile kingine, cha madrasa na cha maulidi, cha shikamoo na marahaba, cha kumwita mtu mzima mwana fulani au mzee fulani. Katika nyumba zao wenyewe, hata hivyo, baba hupokea simu akiwa mezani na wanawe, na mwenzake wa biashara akichelewesha mzigo, yanayosemwa si ya madrasa. Baba huyo ana akili, na watoto wanajua kuwa ana akili. Ndiyo sababu wanamwiga.

Wapo watakaosema: hayo ni ya watu wa kawaida, lakini mtu mwenye elimu na taqwa hayampati. Jawabu lake lipo katika Sahih ya al-Bukhari, nalo linamhusu Abu Dharr al-Ghifari, Mwenyezi Mungu amwie radhi. Huyu alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kusilimu, mkweli wa ulimi, aliyeipa mgongo dunia, na wenye elimu walipokea elimu kwake. Siku moja alizozana na mtu, akamtukana kwa mama yake, kwa kuwa mama huyo hakuwa Mwarabu. Katika baadhi ya mapokezi imetajwa kuwa mtu huyo alikuwa Bilal. Khabari ilipofika kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, hakumwambia Abu Dharr kwamba ni mjinga wa maneno, wala kwamba imani yake imetoka. Alimwambia kuwa yeye ni mtu ambaye ndani yake bado mna ujahiliya. Yaani pamoja na elimu na imani yote ile, palikuwa na pembe moja ambayo haijafagiwa, na hasira ilipopanda, pembe hiyo ndiyo iliyosema. Kisha akamfundisha juu ya watumwa: kwamba hao ni ndugu, na aliye na ndugu chini ya mkono wake amlishe anachokula mwenyewe, na amvishe anachovaa mwenyewe, na asimkalifishe asiloliweza, na akimkalifisha basi amsaidie.

Abu Dharr aliishi miaka mingi baada ya hayo. Mwishoni mwa umri wake alikaa Rabadha, mahali pakavu katika jangwa, mbali kidogo na Madina, na huko ndiko alikofariki mwaka 32 wa Hijra. Mtu mmoja aitwaye al-Ma'rur alipita kwake huko, akamkuta amevaa kitambaa, na mtumwa wake amevaa kitambaa mfano wa hicho hicho, hata mgeni asingeweza kutambua kwa nguo yupi bwana na yupi mtumwa. Akamuuliza sababu yake. Abu Dharr hakumtajia uchaji wake, wala umaskini wa mahali pale. Alianza kumsimulia khabari ya siku ile alipomtukana mtu kwa mama yake.